Bob Hazle wa 1957: majaribio 134 yanapoiharibu ligi nzima ya besiboli ya kompyuta

Kisa chenyewe ni hiki. Mtu anafungua ligi ya kihistoria katika mchezo wa kuigiza besiboli, aina ya Out of the Park Baseball, akianzia msimu wa 1957. Alama za uwezo wa wachezaji zinakokotolewa kutokana na takwimu halisi za mwaka huo mmoja. Hakuweka kiwango cha chini cha kucheza, na vikosi amewaachia makocha wa kompyuta. Aprili inapoanza, Milwaukee Braves wanampanga kila siku mchezaji wa uwanja wa kulia aitwaye Bob Hazle. Septemba ikiisha, Hazle ndiye mpigaji bora wa National League (moja ya ligi mbili zinazounda ligi kuu ya Marekani), amempita nyota Stan Musial, na Braves wamemaliza wakiwa mbali sana na wenzao. Mwenye ligi anadhani injini ya mchezo ni mbovu. Injini haina kosa. Imefanya ilivyoambiwa.

Hazle alikuwa mchezaji wa kweli, na mwaka wake ulikuwa wa kweli. Julai 11, 1957, Billy Bruton, mchezaji wa uwanja wa kati wa Braves, aliumia goti baada ya kugongana na mwenzake Felix Mantilla wakifuatia mpira mmoja. Hank Aaron, nyota wa timu, akahamishiwa uwanja wa kati, na mwisho wa Julai Hazle akaitwa kutoka Wichita, timu ya ligi ya chini, alikokuwa akipiga .279, yaani mapigo salama 279 kwa kila majaribio elfu moja. Katika miezi miwili iliyobaki alipata mapigo salama (yanayomfikisha mpigaji bezi bila kutolewa) 54 kwa majaribio 134, yaani .403, pamoja na dabo (mapigo ya bezi mbili) 12 na homurani (mipira inayotoka nje ya uwanja) 7. Wakampa jina la Hurricane, kwa kufananisha na kimbunga Hazel cha 1954. Braves walimaliza na ushindi 95 na vipigo 59, wakawashinda Yankees katika World Series, fainali ya ligi kuu, kwa michezo saba. Mwaka uliofuata Hazle alipiga .179 akiwa Milwaukee, akauzwa Detroit Mei, akapiga .241 huko. Hakurudi tena ligi kuu. Maisha yake yote ya ligi kuu ni majaribio 261 tu, akianza na 13 ya Cincinnati mwaka 1955.

Kabla ya kuendelea tukubaliane juu ya maneno mawili, maana hesabu zote zinayategemea. Zamu ni kila mara mchezaji anaposimama kupiga. Majaribio ni zamu ukiondoa bezi za bure (mpigaji anapewa bezi ya kwanza kwa mirusho minne mibaya), kugongwa na mpira, na mapigo ya kujitoa mhanga (mpigaji anatolewa ili mwenzake asogee). Hazle wa 1957 alikuwa na zamu 155: majaribio 134, bezi za bure 18, na tatu za kugongwa na kujitoa mhanga. Alitolewa kwa straiki tatu mara 15.

Sasa angalia kompyuta inavyofikiri. Inachukua 54 kwa 134, inaona .403, inampa alama ya kugusa mpira iliyo karibu na kilele cha kipimo. Haijui kwamba namba hiyo imetokana na wiki nane. Kocha wa kompyuta anapopanga kikosi, anasoma alama peke yake, hivyo anampa Hazle zamu za mchezaji wa kudumu, tuseme 580. Ukitanua takwimu zake kwa uwiano uleule unapata mapigo salama 202 kwa majaribio 501, dabo 45, homurani 26, bezi za bure 67. Kwa vipimo vya kawaida vya thamani ya kila pigo, huyo ni mpigaji wa mikimbio (mabao ya besiboli) kama 70 juu ya mchezaji wa wastani. Zamu zake 155 halisi zilishaleta kama 20 kati ya hiyo. Mikimbio 50 iliyobaki haikuwahi kuwepo duniani, na kwa kanuni ya mikimbio kumi kwa ushindi mmoja, Braves wamezawadiwa ushindi tano wa hewa.

Ndo ndo ndo si chururu. Mkengeuko wa kawaida, yaani kiasi ambacho namba huyumba kwa bahati tu, wa wastani wa kupiga katika majaribio 134, kwa mchezaji ambaye uwezo wake wa kweli ni kama .285, ni karibu .039. Pigo la .403 liko mikengeuko mitatu juu ya hapo. Kwa mtu mmoja hilo ni tukio adimu sana. Lakini kila mwaka ligi kuu huwa na wachezaji wengi wa akiba wenye zamu mia moja au mia mbili, na miaka inarundikana. Lazima atokee mmoja. Atakayetokea ndiye huyohuyo ambaye kompyuta itamchagua kwanza, kwa sababu inapanga kuanzia alama ya juu. Ndiyo maana kosa hili halijisawazishi lenyewe: wenye bahati mbaya hubaki benchi, wenye bahati nzuri hupewa msimu mzima.

Dawa ya kwanza ambayo wengi hukimbilia ni kutanua dirisha la miaka. Michezo mingi hukuruhusu kukokotoa alama kwa mwaka mmoja, mitatu, mitano, au kwa maisha yote yaliyobaki ya mchezaji. Tuchukue dirisha la 1956 hadi 1958. Hazle hakucheza ligi kuu 1956, kwa hiyo anabaki na mapigo 78 kwa majaribio 248: .315. Imeshuka, lakini bado ni nyota. Dirisha la miaka mitano linakusanya maisha yake yote, 81 kwa 261, na linatoa .310. Huwezi kupata majaribio ambayo mtu hakuwahi kuyafanya, hata ukifungua dirisha miaka ishirini.

Ubaya zaidi ni kile dirisha linachomfanyia Aaron. Mwaka 1957 ndio aliochaguliwa mchezaji bora wa National League: homurani 44 kwa majaribio 615. Mwaka uliotangulia alikuwa na 26 kwa 609, na uliofuata 30 kwa 601. Jumla ni 100 kwa 1825. Rudisha kwenye majaribio 615 na utapata homurani kama 34. Wastani wake wa kupiga hauguswi, maana miaka yote mitatu aliuweka kati ya .322 na .328, lakini nguvu iliyompa tuzo imepunguzwa kwa kumi. Umemkata mchezaji bora ili kumrekebisha wa akiba, na wa akiba hajarekebika.

Kuna chaguo la kuupa mwaka wenyewe uzito mara mbili ndani ya dirisha. Linamsaidia Aaron kidogo, anapanda hadi homurani 36. Lakini Hazle naye anapanda: 108 na 24 juu ya 268 na 114, yaani .346. Musial alishinda taji la kupiga mwaka huo kwa .351. Kwa ligi ya marudio, yaani inayorudia mwaka mmoja wa kweli, uzito huu wa mara mbili pamoja na dirisha la miaka mitatu ni mchanganyiko mbaya, hata kama unaonekana wa busara kwenye ukurasa wa mipangilio.

Kinachofanya kazi ni kumjazia mchezaji zamu za wastani kabla ya kumpa alama. Zipo njia mbili, na kila moja ina mahali pake.

Njia ya kwanza ni ya kizingiti. Unaweka kiwango, tuseme zamu 400. Aliyefika hapo unamwacha na takwimu zake kama zilivyo. Asiyefika unamjazia hadi zifike 400. Hazle ana 155, anahitaji 245, ambazo ni sawa na majaribio kama 216. Wastani wa National League 1957 ulikuwa karibu .260, hivyo unamwongezea mapigo 56: jumla 110 kwa 350, .314. Homurani zinakuwa kama 13 kwa zamu 400. Aaron haguswi, anabaki na 44 zake. Hilo ndilo linaloifanya njia hii ifae ligi ya marudio, ambapo mtu anataka 1957 ifanane na 1957.

Weka kizingiti kwa zamu, si kwa majaribio. Besiboli yenyewe ililipia somo hili. Mwaka 1954 Ted Williams alipiga .345 lakini alikuwa na majaribio 386 tu kwa sababu warushaji walimpa bezi za bure 136, na taji likaenda kwa Bobby Avila aliyepiga .341, kwa vile kanuni ilidai majaribio 400. Kuanzia 1957 kanuni ikawa zamu 3.1 kwa kila mchezo wa timu, yaani 477 katika ratiba ya michezo 154. Mwaka huohuo Williams alipiga .388 kwa majaribio 420 na bezi za bure 119. Ukiweka kizingiti cha majaribio 450 kwenye ligi yako, utakuwa umemjazia wastani mpigaji bora wa mwaka. Kama mchezo wako unakubali majaribio tu, usipite 350.

Njia ya pili inakwenda kipengele kwa kipengele, na ndiyo sahihi zaidi kwa kukisia uwezo wa kweli. Sababu ni kwamba vipengele havitulii kwa kasi moja. Katika utafiti wa takwimu za kisasa, kiwango cha kutolewa kwa straiki tatu hutulia kwa zamu kama 60, bezi za bure kama 120, homurani kama 170, na sehemu ya mipira iliyochezwa uwanjani inayogeuka pigo salama huhitaji mipira kama 820. Namba hizo unaweza kuzitumia moja kwa moja kama kiasi cha kujazia: mchezaji mwenye idadi hiyo hasa unamwamini nusu, na wastani nusu. Kwa Hazle, tukichukua wastani wa ligi wa straiki tatu kuwa asilimia 12.5, bezi za bure 8, homurani 2.5 na mipira ya uwanjani .275, hesabu inakuwa hivi:

Straiki tatu: 15 na 7.5 juu ya 215, asilimia 10.5.
Bezi za bure: 18 na 9.6 juu ya 275, asilimia 10.
Homurani: 7 na 4.25 juu ya 325, asilimia 3.5.
Mipira ya uwanjani: 47 na 225.5 juu ya 932, .292.

Mstari wa mwisho ndio wenye siri ya kisa chote. Ukiondoa homurani na straiki tatu, Hazle alibaki na mipira 112 iliyochezwa uwanjani, na 47 kati yake ilipita: .420. Hakuna binadamu anayekaa hapo. Jicho lake kwenye bezi za bure lilikuwa zuri kweli, nguvu yake ilikuwa ya kweli kiasi, na hivyo hesabu imemwachia sehemu kubwa ya vyote viwili. Kilichofutwa ni bahati ya mipira kuangukia pasipo mtu. Ukiunganisha kwa zamu 580 unapata majaribio 516, mapigo salama 147, homurani 20, wastani .285. Huyo ni mchezaji mzuri anayestahili nafasi, na ukikumbuka .279 ya Wichita, hata hapo tumemkarimu.

Njia hii ina gharama yake. Ukimpitishia Aaron hesabu hiyohiyo ya homurani, 44 na 4.25 juu ya 845, anarudi na kama 39. Kwa ligi inayoendelea miaka kumi kwa injini ya ukuaji (sehemu ya mchezo inayopandisha na kushusha uwezo wa wachezaji), hilo ni sawa kabisa, kwa sababu unataka uwezo na si kumbukumbu. Kwa marudio ya mwaka mmoja ni hasara. Hukumu yetu: marudio yatumie kizingiti, ligi ya kuendeleza itumie vipengele, na usichanganye zote mbili, maana mchezaji wa akiba atavutwa mara mbili na benchi zote zitafanana.

Na hapa pana hatari kubwa kuliko zote. Ligi inayozima ukokotoaji upya wa alama kila msimu na kuachia injini ya ukuaji haitaona kamwe .211 ya Hazle ya 1958 (jumla ya Milwaukee na Detroit). Inamwona kijana wa miaka 26 mwenye alama za kilele, na inampa uwezo wa baadaye wa kulingana nazo. Kosa la Aprili 1957 litadumu hadi katikati ya miaka ya sitini. Kwenye ligi ya aina hii, ukaguzi wa alama za kuanzia unastahili muda wako kuliko mpangilio mwingine wowote.

Tukija kwenye utekelezaji, utaratibu una mpangilio ambao ukiupindua unaharibu kazi. Tengeneza nakala rudufu ya faili la ligi. Weka kizingiti au vipengele. Kokotoa alama za wachezaji wote. Halafu, baada ya hapo tu, kokotoa virekebisho vya ligi, zile namba zinazoilazimisha ligi nzima itoe jumla ya mapigo na homurani za mwaka husika. Watu wengi huanza na virekebisho. Matokeo yake, virekebisho vinapimwa juu ya ligi iliyojaa akina Hazle, vinaona mapigo yamezidi, vinamkandamiza kila mtu. Ukija kushusha alama za akina Hazle baadaye, ligi nzima inapiga chini ya .250, na Aaron anaonekana mgonjwa bila sababu.

Usitegemee kuandika alama kwa mkono. Katika mchezo wenye ukokotoaji wa kila msimu, marekebisho ya mkono hufutwa msimu ukigeuka, na mara nyingi hakuna onyo. Mkono unafaa pale tu ukokotoaji umezimwa. Wapo wanaohariri faili la takwimu lenyewe, kwa kumwongezea mchezaji zamu za kujazia kabla ya kuingiza data. Inafanya kazi, lakini ukurasa wa historia wa Hazle utaonyesha zamu 400 ambazo hakupiga. Weka nakala mbili, ya kukokotolea na ya historia, na andika jina la kila moja waziwazi.

Kwa marudio, washa pia miamala halisi (uhamisho wa wachezaji kama ulivyotokea) na vikosi vilivyochezwa kweli, kama mchezo unavyo. Hazle atafika mwisho wa Julai, atapiga zamu zake mia na hamsini, na hata alama ikiwa imezidi kidogo madhara yatakuwa madogo. Mabadiliko ya uzito wa tathmini ya makocha, kati ya alama na takwimu za msimu, hayaponyi. Takwimu ndani ya mchezo zimezaliwa na alama hizohizo. Zitathibitisha kosa badala ya kulifichua.

Tofauti ya kupiga dhidi ya warushaji wa kushoto na wa kulia usiikokotoe kutoka kwa majaribio 134. Mpe Hazle tofauti ya kawaida ya mpigaji wa kushoto. Ulinzi vivyo hivyo, weka kiwango cha chini cha michezo. Kwa warushaji kanuni ni ileile, ukijaza zaidi upande wa mipira ya uwanjani kwa sababu huko mrushaji ana mamlaka madogo zaidi.

Kupima: usihukumu kwa msimu mmoja. Katika majaribio 500 wastani wa mpigaji wa .285 huyumba kwa mkengeuko wa .020, hivyo .320 msimu mmoja si habari. Endesha 1957 mara 20 kutoka faili lilelile, andika kwenye lahajedwali wastani wa Hazle na zamu zake, homurani za Aaron, na wastani wa ligi. Kwa mara 20 kosa la wastani linashuka hadi kama .005, na hapo unaweza kusema jambo. Kisha toa orodha ya wapigaji wote wenye zamu halisi chini ya 200, ipange kwa alama ya kugusa, na kama yumo hata mmoja katika watano bora wa ligi, kizingiti hakijafanya kazi. Kwa kipimo kikali jaribu 1963, mwaka ambao John Paciorek wa Houston alicheza mchezo mmoja tu wa maisha yake ya ligi kuu, akapiga tatu kwa tatu na bezi za bure mbili. Mipangilio iliyo sawa humfanya mchezaji wa benchi. Mipangilio mibovu humpa 1.000.

Limebaki swali la wastani upi wa kujazia, na wengi hulipita haraka mno. Wastani wa ligi wa .260 unahesabu wapigaji wa kudumu, na pia warushaji, waliokuwa bado wanapiga wenyewe, kwani mpigaji maalumu, anayepiga badala ya mrushaji, aliingia American League 1973. Lakini mtu mwenye zamu 155 kwa kawaida ni wa akiba, na wa akiba wako chini ya wa kudumu. Ukimjazia Hazle kwa .240 badala ya .260, .314 yake inashuka hadi .303. Tofauti inaonekana zaidi mwaka unaofuata. Mwaka 1958 ana mapigo 24 kwa majaribio 114. Jazia hadi majaribio 350 kwa .260 na atafika .243, kwa .240 atafika .231. Kujazia kunamshusha mwenye bahati lakini pia kunampandisha aliyeshindwa, na ukitumia wastani wa juu unaligeuza kila benchi la ligi kuwa zuri kuliko lilivyokuwa. Pakia 1958, fungua orodha ya wachezaji wa akiba wa timu zote, na kama nusu yao wanaonekana wangeweza kuanza, shusha wastani wa kujazia kwa pointi kumi (.010), kokotoa alama tena, kisha virekebisho vya ligi, na endesha mara 20 nyingine.